Namna ya Kupata Bima ya Matunzo ya Muda Mrefu Ukiwa Tayari na Maradhi

Tangu mwaka 2014, kampuni inayouza bima ya afya ya kawaida nchini Marekani hairuhusiwi kumkataa mtu wala kumtoza zaidi kwa sababu ya maradhi aliyo nayo. Kwa kuwa sheria hiyo inafahamika sana, watu wengi hudhani kwamba inagusa pia bima ya matunzo ya muda mrefu, na hushtuka wanapopokea barua ya kukataliwa. Haiigusi. Bima ya matunzo ni mkataba wa aina nyingine kabisa: kampuni ina haki ya kuuliza habari za afya ya mwombaji, kupitia kumbukumbu zake za hospitali, na kumkataa moja kwa moja. Hata hivyo, kuwa na maradhi si sawa na kufungiwa mlango. Wapo wenye kisukari, presha, saratani iliyopona au nyonga ya bandia wanaokubaliwa, na mara nyingi kinachowatofautisha na wanaokataliwa si jina la ugonjwa, bali ni wakati waliouchagua kuomba, hali ya kumbukumbu zao za matibabu, na kampuni waliyoiendea kwanza. Mwongozo huu ni kwa anayeishi Marekani na anataka kuomba bima hiyo, au kwa mtoto anayemsaidia mzazi wake aliyeko huko.

Bima hii inalipia nini

Bima ya matunzo hailipii daktari wala dawa. Inalipia msaada wa kuishi siku hadi siku pale mwili au akili inaposhindwa, iwe nyumbani, katika kituo cha kulelea wazee mchana, au katika makao ya wazee. Kwa mikataba inayotambuliwa na sheria ya kodi kufuatia HIPAA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 kuhusu bima ya afya na kumbukumbu za wagonjwa, mafao huanza pale mtaalamu wa afya mwenye leseni anapothibitisha kwamba huwezi kufanya bila msaada angalau mambo 2 kati ya 6, nayo ni kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kujizuia haja, na kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Tena hali hiyo iwe inatarajiwa kudumu siku 90 au zaidi. Mlango wa pili wa kupata mafao ni kudhoofika kwa akili kiasi kwamba lazima mtu akuangalie kwa ajili ya usalama wako. Ikae akilini orodha hiyo, kwa maana karibu kila swali ambalo kampuni itakuuliza kuhusu afya yako linalenga kukisia ni lini utafika hapo na utakaa hapo kwa muda gani.

Wengine hujiuliza kama kuna haja ya bima hii wakati wana Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee. Medicare hulipia siku zisizozidi 100 katika kituo cha uuguzi kwa kila kipindi cha ugonjwa, tena kwa kawaida baada ya kulazwa hospitalini angalau siku 3 na pale tu unapohitaji huduma ya kitaalamu. Kuanzia siku ya 21 unachangia mfukoni. Kumsaidia mtu kuoga na kula kwa miaka mitatu si kazi yake. Medicaid, mpango mwingine wa serikali, ndiyo inayolipia matunzo ya namna hiyo, lakini kwa mtu ambaye kipato na mali yake ni kidogo sana, na katika majimbo mengi hukagua mali uliyogawa katika miezi 60 iliyopita.

Mambo mawili yanayochanganywa

Neno la maradhi yaliyotangulia bima hutumika katika mambo mawili tofauti, na asiyeyatenganisha husoma mkataba wake vibaya.

La kwanza ni kukubaliwa au kukataliwa. Hapa kampuni inaangalia afya yako yote kabla ya kusaini chochote. La pili ni kile kipindi cha baada ya kukubaliwa ambacho mkataba unaweza kukataa kulipia madai yanayotokana na ugonjwa uliokuwa nao. Kanuni ya mfano iliyotungwa na jumuiya ya makamishna wa bima wa majimbo, NAIC, ambayo majimbo mengi yameifuata kwa namna moja au nyingine, inasema kwamba ugonjwa unaohesabika hapa ni ule uliotibiwa au uliopewa ushauri wa daktari ndani ya miezi 6 kabla ya mkataba kuanza, na kwamba kampuni haiwezi kukwepa kuulipia zaidi ya miezi 6 baada ya mkataba kuanza. Kampuni nyingine hulifuta sharti hilo kabisa kwa ugonjwa ulioutaja kwenye fomu.

Kanuni hiyo hiyo inaizuia kampuni kuandika nyongeza ya mkataba inayotenga ugonjwa fulani kwa jina moja kwa moja, baada ya kipindi hicho kupita. Kwa maneno mengine, kampuni haiwezi kukuambia, “Tunakukubali, lakini chochote kitakachotokana na kisukari chako hatutalipa kamwe.” Ni kinga nzuri kwa mnunuzi, lakini ndiyo hiyo hiyo inayozifanya kampuni ziwe kali mlangoni: ikiwa haziwezi kuutenga ugonjwa ndani ya mkataba, hubaki na njia ya kumkataa mwenye ugonjwa. Kwa hiyo usipoteze muda kumwomba wakala akutafutie bima inayouacha ugonjwa wako nje. Tumia muda huo kujiandaa kwa ajili ya mlango.

Jinsi mtathmini anavyousoma ugonjwa

Yapo maradhi ambayo karibu kila kampuni huyakataa, na ni haki mtu ayajue mapema asihangaike bure: ugonjwa wa Alzheimer na aina nyingine za demensia (kupotea kwa akili na kumbukumbu), Parkinson, kiharusi kilichoacha ulemavu, saratani iliyosambaa, figo zilizofikia kusafishwa kwa mashine, na ugonjwa wa ini uliokomaa. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye tayari anasaidiwa kuoga au kuvaa, anayetumia kiti cha magurudumu, fremu ya kutembelea au oksijeni, au anayepokea malipo ya ulemavu. Dawa pekee nazo hutosha kumwambia mtathmini, yaani afisa wa kampuni anayepima maombi, habari yote. Akikuta donepezil au memantine, dawa za Alzheimer, katika historia ya dawa zako, hatasoma zaidi.

Nje ya orodha hiyo kuna uwanja mpana. Presha inayodhibitiwa kwa dawa, lehemu nyingi mwilini, tezi la shingo, pumu nyepesi, hata moyo unaopiga bila mpangilio lakini umetulia kwa matibabu, kwa kawaida hujadilika. Saratani iliyotibiwa ikaisha hujadilika baada ya muda wa kungojea unaotegemea aina yake na hatua iliyofikia. Goti au nyonga iliyobadilishwa hujadilika pale ambapo mazoezi ya viungo yamekwisha na daktari ameandika kwamba umepona na unatembea mwenyewe.

Mtathmini hutazama mambo matatu kuliko jina la ugonjwa. Hutazama kama hali imetulia, yaani vipimo havipandi na kushuka na dawa hazijabadilishwa karibuni. Hutazama kama ugonjwa umeshaacha madhara. Zaidi ya yote, hutazama mchanganyiko. Kisukari cha aina ya pili peke yake, kikiwa na vipimo vizuri, kinaweza kukubaliwa. Kisukari hicho hicho kikiambatana na uvutaji wa sigara, au ganzi ya miguu, au historia ya kiharusi, huishia kwenye barua ya kukataliwa. Uzito nao huhesabiwa katika mchanganyiko huo, kwani kila kampuni ina jedwali lake la kimo na uzito, na wapo watu waliokataliwa kwa sababu ya mizani tu huku wakidhani tatizo lilikuwa dawa ya presha. Nasisitiza kwamba majedwali na vigezo hivi hutofautiana baina ya kampuni na kampuni. Kinachokataliwa huku kinaweza kupewa daraja la kawaida kule, na hapo ndipo penye tumaini la kweli la mwenye maradhi.

Kabla ya kujaza chochote, soma kumbukumbu zako

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Kampuni haitaamini maelezo yako peke yake. Itaomba ripoti ya daktari wako, itatazama historia ya dawa ulizochukua maduka ya dawa, na inaweza kuuliza MIB, shirika ambalo kampuni za bima hulitumia kubadilishana habari fupi fupi za kitabibu kuhusu watu waliowahi kuomba bima. Kwa hiyo soma wewe kwanza kile watakachosoma wao.

Sheria ya HIPAA inakupa haki ya kupata kumbukumbu zako, na hospitali inatakiwa kukupatia ndani ya siku 30. Siku hizi nyingi husomeka katika akaunti yako ya mgonjwa kwenye intaneti. Ripoti ya MIB huombwa bure mara moja kwa mwaka, na kampuni zinazokusanya historia za dawa nazo zinatakiwa kukupa nakala ukiomba. Omba kumbukumbu za miaka mitano iliyopita angalau, kaa chini, na usome ukurasa kwa ukurasa.

Utakachotafuta ni mambo madogo ambayo daktari aliyaandika haraka haraka na hakuna aliyeyarudia. Mfano unaotokea sana ni huu. Mtu anamaliza kupimwa presha, na akiwa anavaa koti anamwambia daktari, “Siku hizi nasahausahau.” Daktari anaandika mstari mmoja: mgonjwa analalamika kupoteza kumbukumbu, ataangaliwa. Hakuna kipimo kilichofanyika, hakuna aliyelizungumzia tena, na mgonjwa mwenyewe alikuwa na mawazo ya kufiwa. Miaka miwili baadaye mtathmini anakuta mstari huo, anauona ni uchunguzi ambao haukukamilika, na anakataa. Dawa ya jambo hili si kumficha daktari dalili zako; afya yako inatangulia bima yoyote, na dalili iliyofichwa yaweza kukugharimu maisha. Dawa yake ni kulimaliza jambo: rudi kwa daktari, ufanyiwe kipimo kinachostahili, na matokeo yaandikwe. Kama kipimo ni kizuri, mstari ule unapoteza sumu yake. Kama si kizuri, umejua jambo muhimu kuliko bima.

Tafuta pia vipimo vilivyopendekezwa na havijafanywa. Karatasi inayosema ulishauriwa kupimwa utumbo, au kumwona daktari wa moyo, au kurudia picha ya titi, ikiwa haina majibu, humfanya mtathmini aahirishe maombi hata kama u mzima kabisa. Ukikuta kosa la wazi, kwa mfano ugonjwa usio wako, omba kwa maandishi lirekebishwe. Hospitali inapaswa kukujibu kwa kawaida ndani ya siku 60. Na ikiwa hujaonana na daktari kwa miaka miwili au zaidi, usijisifu kwamba huna historia yoyote. Kampuni inahitaji kitu cha kusoma, na asiye na kumbukumbu huonekana ni mtu asiyejulikana, si mtu mzima wa afya.

Kuhusu vipimo vya vinasaba, neno moja. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2008 inayozuia ubaguzi kwa sababu ya vinasaba inahusu bima ya afya na ajira. Haihusu bima ya matunzo. Florida ilipitisha marufuku yake iliyoanza Julai 2020, lakini katika majimbo mengi kipimo kinachoonyesha mwelekeo wa kupata Alzheimer kinaweza kuulizwa. Mwenye nia ya kupima na nia ya kununua bima afikirie kipi kitangulie.

Wakati wa kuomba

Ushauri wa jumla wa kuomba ukiwa na miaka ya hamsini unamhusu mwenye maradhi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu umri ukipanda sehemu ya wanaokataliwa hupanda nao. Lakini pamoja na kuwahi, kuna kungojea kwa makusudi. Ukiwa katikati ya matibabu, ukiwa umepangiwa upasuaji, ukiwa bado unakwenda mazoezi ya viungo, au dawa zako zikiwa zimebadilishwa mwezi uliopita, maombi yako yatakataliwa au kuahirishwa. Maliza kwanza. Baada ya upasuaji wa kiungo kampuni nyingi hutaka miezi kadhaa ipite. Baada ya saratani hutaka mwaka au miaka. Muda huo utumie kupata vipimo viwili vitatu mfululizo vinavyofanana, kwa sababu kipimo kimoja kizuri hakionyeshi utulivu, ila mfululizo huonyesha.

Uliza kwanza bila jina

Hapa ndipo fedha na machungu mengi huokolewa. Usitume maombi rasmi kabla ya kuuliza kwa njia isiyo rasmi. Tafuta dalali wa bima anayejitegemea, anayefanya kazi na kampuni kadhaa na aliyezoea bima ya matunzo hasa. Wakala wa kampuni moja anaweza tu kukupeleka kwenye kampuni yake, hata kama jedwali lake halikufai. Dalali mzuri atakuuliza maswali mengi ya afya kabla ya kutaja bei yoyote. Anayekutajia bei kwanza hajakusaidia, kwa kuwa bei ya mkataba usioweza kuupata haina maana.

Dalali ataandika maelezo mafupi bila jina lako na kuyatuma kwa watathmini wa kampuni mbalimbali. Maelezo hayo yawe kamili kwa namna hii: mwanamke, miaka 58, kimo futi 5 na inchi 4, uzito pauni 165, kisukari cha aina ya pili tangu 2016, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari katika damu) ya mwisho asilimia 6.8 na ya kabla yake 6.9, anatumia metformin miligramu 1000 mara mbili kwa siku, dozi haijabadilika kwa miaka mitatu, hana tatizo la macho, figo wala ganzi ya miguu, presha imedhibitiwa kwa dawa moja, hajawahi kuvuta sigara, anafanya kazi siku zote za wiki na anatembea kila jioni. Ukisema tu “ana kisukari kidogo”, utapata jibu lisilosaidia chochote.

Majibu yatakayorudi hayaifungi kampuni, lakini yatakuonyesha wapi pa kwenda. Sababu ya kutanguliza hatua hii ni kwamba fomu nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa bima ya aina hii, nawe utalazimika kujibu ukweli. Kukataliwa rasmi mara moja kunafuatana nawe. Kuulizia bila jina hakuachi alama.

Kujaza fomu

Jibu lililoulizwa, lijibu kwa ukweli, na usiache kitu kilichoulizwa. Anayeficha ugonjwa hupoteza mara mbili, kwa maana hulipa ada kwa miaka na kisha mkataba hufutwa siku anapouhitaji. Chini ya kanuni ya mfano ya NAIC, katika miezi 6 ya mwanzo kampuni inaweza kuufuta mkataba kwa jibu lisilo la kweli lililoathiri uamuzi wa kukukubali. Kati ya miezi 6 na miaka 2 inaweza kuufuta ikiwa jibu hilo linahusu pia ugonjwa unaodai mafao kwa ajili yake. Baada ya miaka 2 lazima ithibitishe kwamba ulisema uongo kuhusu afya yako kwa kujua na kwa kukusudia. Mtu aliyeandika kila kitu anavuka ngazi hizo bila hofu.

Ukweli unaweza kuelezwa vizuri. Kwenye kila ugonjwa weka mwaka ulioanza, dawa na dozi, kipimo cha mwisho na tarehe yake, na jina la daktari anayeufuatilia. Mweleze daktari wako kwamba ripoti itaombwa, na umwombe katika ziara ya karibuni aandike hali yako ya kutembea, kujihudumia na kumbukumbu. Wengi huandika maradhi tu, na mtathmini hukosa mahali panaposema kwamba mgonjwa huyu anajitegemea kwa kila kitu.

Mahojiano ya simu

Kabla ya uamuzi, kampuni nyingi humtuma muuguzi kuzungumza nawe kwa simu, na waombaji wa umri mkubwa wakati mwingine huonwa ana kwa ana. Sehemu ya mazungumzo hayo ni mtihani wa kumbukumbu. Katika mtindo mmoja unaotumika, muuguzi hukusomea maneno 10, na kwa kila neno hukuomba utunge sentensi fupi. Kisha anahamia kwenye mambo mengine: unaishi na nani, nani hufanya manunuzi, je, unaendesha gari, je, umeanguka mwaka huu. Baada ya muda anarudi na kukuomba utaje maneno yale mengi kadiri unavyoyakumbuka.

Wengi hushindwa hapa kwa sababu zisizohusiana na akili. Mmoja alipokea simu akiwa ndani ya gari, mwingine akiwa jikoni huku wajukuu wanacheza, mwingine hasikii vizuri na hakuvaa kifaa chake cha masikio. Panga saa unayokuwa macho zaidi, kaa kwenye chumba kimya, uwe umelala na umekula. Usiandike maneno hayo pembeni. Utaombwa usifanye hivyo, na huo ni udanganyifu. Sentensi utakazotunga zifunge kwenye picha unayoiona kichwani, kwani neno lenye picha hubaki. Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza, mwambie dalali mapema aulize mahojiano yataendeshwa vipi na kama mkalimani anaruhusiwa. Nimeona hili likichukuliwa kwa wepesi mno. Mzee anayefikiri vizuri kwa Kiswahili hapaswi kuhukumiwa kuwa amesahau, kumbe alikuwa bado anatafsiri.

Usijibu pia kwa unyenyekevu uliopitiliza. Tulivyolelewa, mtu akiulizwa kama anajiweza husema “tunajikongoja tu”, na mwanawe akiwa karibu atasema mama anasaidiwa na watoto. Muuguzi ataandika hivyo hivyo. Kama unaoga, unapika na unakwenda sokoni mwenyewe, sema hivyo.

Uamuzi ukitoka

Jibu laweza kuwa kukubaliwa kwa daraja la chini na ada ya juu, au kupewa pendekezo lingine, kwa mfano mafao ya miaka miwili badala ya minne, au kipindi cha kungojea kirefu zaidi kabla ya malipo kuanza. Usikatae kwa hasira. Mkataba mdogo ulio mkononi unaweza kulipa mwaka au miwili ya msaada nyumbani, na hiyo yaweza kuwa tofauti ya binti kubaki kazini au kuacha kazi.

Ukikataliwa, omba kwa maandishi sababu mahsusi. Kama kampuni ilitegemea ripoti ya shirika la kukusanya habari, inapaswa kukujulisha jina la shirika hilo, nawe una haki ya kupata ripoti na kupinga kosa. Shirika kwa kawaida lina siku 30 za kuchunguza. Daktari anaweza kuandika barua ya kufafanua, na watathmini huzisoma. Kama sababu ni ya muda, kwa mfano upasuaji wa karibuni, uliza tarehe ambayo watakubali kupokea maombi tena.

Kwa wanandoa, kukataliwa kwa mmoja kusimzuie mwingine. Mwenye afya akiwa na bima, mali ya nyumba inalindwa upande mmoja, na kiasi kikubwa cha akiba kinabaki kwa ajili ya yule asiyekubaliwa.

Njia nyingine za kuingilia

Kazini ndiko mahali pa kwanza pa kuuliza. Baadhi ya waajiri hutoa bima ya kikundi, na mfanyakazi aliyepo kazini anaweza kuandikishwa kwa maswali machache au bila swali lolote, mradi ajiandikishe katika kipindi kilichotangazwa. Kipindi hicho kikipita, maswali yote hurudi. Mpango wa wafanyakazi wa serikali ya shirikisho uliacha kupokea maombi mapya Desemba 2022, hivyo usiutegemee bila kuulizia hali yake ya sasa.

Bima ya maisha yenye nyongeza ya matunzo ina vigezo vyake, na wakati mwingine humkubali mtu aliyekataliwa na bima ya matunzo peke yake, kwa kuwa anayeitathmini anapima uwezekano wa kifo pia. Kuna vilevile anuiti yenye mafao ya matunzo: unaweka fedha kwa mkupuo, na kampuni inazizidisha zikitumika kwa matunzo. Maswali yake ya afya ni machache, lakini inahitaji akiba ambayo wengi hawana. Bima ya matunzo ya muda mfupi, isiyozidi mwaka mmoja, nayo ina fomu fupi yenye majibu ya ndiyo au hapana. Haipatikani katika kila jimbo.

Kwa anayefanya kazi jimbo la Washington, jambo ni jepesi zaidi. Mfuko wa WA Cares, bima ya matunzo ya jimbo lenyewe, hukata asilimia 0.58 ya mshahara tangu Julai 2023, hauulizi habari za afya hata kidogo, na mafao yake ya mwanzo, hadi dola 36,500 kwa maisha ya mtu, yalipangwa kuanza Julai 2026. Mfuko huu unaweza kuwachukua wagonjwa kwa kuwa wafanyakazi karibu wote huchangia. Serikali ya shirikisho iliwahi kutunga mpango wa hiari usiomkataa mgonjwa katika sheria ya 2010. Ukaachwa mwaka 2011 na kufutwa mwanzoni mwa 2013 kabla ya kuandikisha mtu yeyote, kwa kuwa hesabu zilionyesha kwamba wangejiunga hasa wale wenye uhitaji wa karibu.

Yule ambaye milango yote imefungwa bado ana mahali pa kushauriwa bila malipo. Kila jimbo lina mpango wa SHIP, wa kuwashauri watu kuhusu Medicare, wenye washauri wasiouza chochote. Waulize kuhusu Medicaid ya huduma za nyumbani, kuhusu PACE, mpango wa matibabu na matunzo kwa pamoja, kwa wenye miaka 55 na zaidi wanaohitaji uangalizi wa kiwango cha makao ya wazee, na kama mtu aliwahi kuwa mwanajeshi, kuhusu nyongeza ya matunzo ya wastaafu wa jeshi.

Mkataba ukifika mkononi

Una siku 30 za kuusoma na kuurudisha ukarejeshewa fedha zako zote. Siku hizo zitumie kusoma nakala ya fomu yako iliyoambatanishwa, na kama kuna jibu lililoandikwa vibaya na wakala, andika barua ya kulisahihisha mara moja. Angalia kama mkataba unasema kwamba lazima uendelezwe mradi unalipa. Hilo linamaanisha ugonjwa wako ukizidi kampuni haiwezi kukufukuza, ingawa inaweza kupandisha ada kwa kundi zima la wenye mkataba kama wako, kwa idhini ya jimbo. Weka nafasi ya kupanda huko katika bajeti yako, maana mwenye maradhi akiacha mkataba huu hatapata mwingine kirahisi.

Mwisho, jaza fomu ya kumtaja mtu wa pili atakayepewa taarifa ada isipolipwa. Watu hupoteza bima hii kwa sababu ya ugonjwa ule ule walioikatia: wameanza kusahau, bili inabaki mezani, mkataba unakufa. Ukimtaja mtoto au ndugu, kampuni inapaswa kumwandikia angalau siku 30 kabla ya kufuta. Na mkataba ukishafutwa huku mwenye bima akiwa tayari amedhoofika akili, kanuni inampa miezi 5 ya kuomba urejeshwe, kwa kuthibitisha hali hiyo na kulipa ada iliyobaki. Mpe mtu uliyemtaja nakala ya mkataba leo, pamoja na namba yake na jina la kampuni, avihifadhi mahali anapopakumbuka.